Nilivyopiga Bidoni Ili Nyota Zitembee

Kitu cha kwanza nilichofanya kazini kilikuwa cha kijinga. Acha nikiseme mwenyewe, kabla Kasereka, mwenzangu wa dawati, hajawasimulia kwa namna yake. Nilichukua lungo la mama, lile la kupepetea maharagi, nikakoroga fufu ya muhogo nyepesi kama gundi, nikabandika maharagi ya kila rangi: mekundu katikati, meupe pembeni, na moja la njano likawa Jua. Nikalitoboa lungo katikati kwa msumari uliopashwa moto, nikalipachika kwenye mti wa fagio. Halafu nikasimama mbele ya Klabu ya Nyota, siku yangu ya kwanza, nikasema, "Wapendwa, hivi ndivyo galaksi yetu inavyozunguka," nikalizungusha kwa nguvu zangu zote.

Fufu ilikuwa haijakauka. Nyota ziliruka. Moja ilimpiga Prof Bahati kwenye miwani, na nyingine iliangukia kwenye ufa wa dirisha, ambako iliota wakati wa mvua na kutoa majani mawili. Prof Bahati, mwalimu wetu wa fizikia, alivua miwani akaifuta fufu taratibu.

"Kakule," alisema, "umekosea mara mbili. Kosa la kwanza utalimaliza na mama yako. La pili tutalimalizia hapa, na litachukua miaka."

Lilichukua mitatu, na sasa ninastaafu. Nina umri wa miaka kumi na saba. Kwenye shule yetu ya sekondari anayeingia mwaka wa sita huacha kazi zote za klabu ili apambane na mtihani wa serikali, kwa hiyo ninawaandikia ninyi wa mwaka wa pili na wa tatu mtakaorithi vyombo vyangu. Vyeo sitavitaja kwa sababu nilikuwa na kimoja tu tangu mwanzo mpaka mwisho: mpiga bidoni, yaani dumu la maji. Kuhusu mshahara, Prof Bahati aliwahi kuninunulia beinye mbili, maandazi ya huku kwetu, na moja akaila mwenyewe.

Kwa wale wasionijua: mimi ni mvulana wa nne kwetu, na kwa sisi Wanande jina hufuata zamu ya kuzaliwa, ndiyo maana naitwa Kakule. Ukiita "Kakule" pale soko la Virunga, nusu ya wauza chumvi watageuka. Mama yangu anauza maharagi palepale. Zamani alikuwa akiyafuata mwenyewe mjini Kiwanja, kule Rutshuru, kwa pikipiki, na mpaka leo anaweza kukuambia haragi limetoka shamba la upande gani kwa kuliuma.

Sasa kosa la pili. Prof alichora lungo ubaoni, akauliza: haragi la katikati na haragi la ukingoni, lipi linakimbia zaidi? La ukingoni, kwa sababu yote mawili humaliza mzunguko kwa pamoja na lile la nje lina njia ndefu. "Yako hivyo kwa sababu lungo linayashika," akasema. "Galaksi haina lungo. Ni bapa kama chapati, ndiyo, lakini kila nyota inatembea peke yake." Kisha akatuambia jambo lililonifanya niache mzaha kwa karibu dakika nzima: kwenye sehemu kubwa ya sahani ile ya galaksi, nyota zilizo karibu na katikati na zilizo mbali zinakwenda kwa mwendo unaokaribiana. Ya ndani ina njia fupi, basi inamaliza mapema. Ya nje inachelewa. Jua letu linakata zaidi ya kilometa mia mbili kila sekunde, na bado linahitaji zaidi ya miaka milioni mia mbili kumaliza mzunguko mmoja.

Niliuliza kama halichoki. Alinituma nikafute ubao.

Galaksi ya watu ilikuwa wazo lake. Mnaujua uwanja wetu: lava nyeusi tupu ya volkano, na mlingoti wa bendera katikati. Tulifunga kamba kwenye mlingoti, tukaizungusha, tukachora duara juu ya duara kwa chokaa. Chokaa kwenye lava huonekana vizuri sana mpaka mvua inyeshe, na Goma mvua hainyeshi kwa ratiba ya klabu, kwa hiyo zoeeni kuchora upya. Kila mwanafunzi alipewa duara lake. Mimi nilipewa bidoni. Pigo moja, hatua moja, kwa watu wote, wa ndani na wa nje.

Mawili matatu kuhusu chombo hiki. Bidoni iwe ya njano, ile kubwa ya kuchotea maji, na iwe tupu kabisa. Maji kidogo tu yakibaki chini sauti inakuwa ya mtu aliyeziba pua. Piga kwa kisigino cha kiatu. Fimbo inaipasua. Na kabla hujaitoa nyumbani, hakikisha hakuna anayeisubiri kwenye foleni ya maji. Hili la mwisho nilijifunza kwa mgongo.

Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa miguu. Shule yetu iko upande wa kambi ya jeshi ya Katindo, na watoto wa huku hujua kugeuka kwa mstari kabla hawajajua kusoma. Kila sikukuu tunafanya defile, gwaride la shule. Mstari ukifika kwenye kona, wa ndani anakanyaga palepale, wa nje anarefusha hatua, na mstari unageuka ukiwa umenyooka kama rula. Prefe wetu, mkuu wa shule, anaipenda kona hiyo kuliko somo lolote. Basi ukiwaambia watoto kama hawa "zungukeni mlingoti," miguu yao haiulizi kichwa. Walijipanga bega kwa bega kutoka mlingotini hadi pembeni wakageuka kama lango linalofungwa. Kasereka alikuwa karibu na mlingoti akikanyaga mahali pamoja. Kule mwisho Riziki, wa darasa letu, alikuwa anakimbia huku ameshika sketi.

"Kasereka, tembea," nilisema.

"Niko natembea."

"Uko nakanyaga kama mutu mwenye amefungiwa choo."

"Bidoni yako ndiyo inasema vile."

Prof Bahati alikuwa amekaa kwenye ngazi. "Kakule," aliita, "umenirudishia lungo lako. Sasa liko na miguu."

Dawa yake niliipata baada ya wiki nyingi, nanyi nawapa bure: mwambie kila mtu atazame kisogo cha aliye mbele yake kwenye duara lake, asitazame bega la jirani. Siku dawa ilipokubali, mstari ulivunjika wenyewe. Kasereka alimaliza duara lake dogo, akatafuta jirani yake wa mwanzo, hakumwona. Baada ya mizunguko michache, waliokuwa wameanza bega kwa bega walikuwa wametapakaa uwanja mzima, na hakuna aliyekuwa amekosea hatua hata moja.

Prof alituketisha chini palepale. Alisema nyota huzaliwa nyingi pamoja, kisha huachana kwa kutembea tu. Kilimia, lile kundi dogo la nyota, bado wako karibu-karibu, kwa sababu ni wadogo kwa umri, na wao pia wataachana. Ndugu za Jua hatujui wako wapi. Na wataalamu wengi wanafikiri Jua lenyewe lilizaliwa ndani zaidi, likasogea nje mpaka hapa lilipo.

Nusu ya klabu walizaliwa kwingine: Rutshuru, Masisi, Beni, wakaletwa huku na vita.

"Basi Jua nalo ni mukimbizi," alisema Kasereka.

Tulingoja tuone kama ni ruhusa kucheka. Riziki alicheka wa kwanza, ndipo nasi tukacheka. Yeye alitoka Kiwanja.

Mengine tulijifunza bila taabu. Ile mikono ya galaksi, mnayoiona kwenye picha imejikunja, nilidhani ni nyota zilezile zinatembea pamoja kama kwaya. Prof alitupeleka langoni tutazame rond-point, ule mzunguko wa barabara. Pale penye shimo pikipiki zinabanana, zinapunguza mwendo, zinajipenyeza, zinatoka. Ukirudi baada ya saa moja msongamano uko palepale, lakini pikipiki ni nyingine. Alisema mikono mingi ya galaksi wanaieleza hivyo. Nacho kitendo cha kupanda na kushuka uwanja wetu ulikifanya wenyewe: nyota huinuka kidogo juu ya sahani, hushuka chini yake, huku ikisogea ndani kidogo na nje kidogo, na lava yetu ina vinundu vya kutosha galaksi kadhaa.

Siku moja Prefe alipita akasimama chini ya mlingoti kutukagua, nikatangaza kwamba tumepata kile kitu kizito cha katikati ya galaksi kinachotushika sote. Prof alinisahihisha, naye Prefe akiwa anasikia. Kile cha katikati ni kizito kweli, alisema, lakini si chenyewe kinachozishika nyota za huku nje. Ukijumlisha uzito wote unaoonekana, nyota za nje zingepaswa kwenda polepole, nazo haziendi polepole. Kuna uzito mwingine ambao hakuna aliyewahi kuuona. "Ni nini?" tuliuliza. "Hatujui," alisema. Jibu hilo mimi nikilitoa kwenye mtihani napata ziro.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu kuliko zote, ya mwaka jana.

Riziki ana mdogo wake, Uwera. Walipotoka Kiwanja, njia ilikuwa imejaa watu, mkono ukaponyoka. Uwera alibaki siku kadhaa na watu asiowajua mpaka bibi yao alipompata. Tangu hapo hakuachilia tena sweta la dada yake. Alipoandikishwa mwaka wa kwanza hakwenda mwaka wa kwanza. Alikuja kuketi nasi wa mwaka wa tano, kwenye benchi la Riziki, ameshika upindo wa sweta, haongei. Walimu walimwacha. Muhula wa pili Prefe akatangaza kwamba baada ya siku ya wazazi kila mwanafunzi awe kwenye darasa lake, na asiyeweza abaki nyumbani. Hakuwa amekasirika, inspekta wa elimu alikuwa ameuliza. Lakini bibi yao alikuja shuleni akasema mbele yetu, "Mimi sitamuvuta mutoto kwa nguvu. Kama mumoja anabaki nyumbani, wote wanabaki."

Kwa hiyo Riziki, anayetushinda sote mahesabu, alikuwa na wiki chache tu za shule, isipokuwa mdogo wake aachilie sweta.

Na mimi katika wiki hizo nilifanya nini? Nilichekesha. Tulikuwa tunajiandaa kuionyesha galaksi siku ya wazazi. Riziki alikuwa kwenye duara lake, Uwera nyuma yake kama mkia, na kila aliyekuja nyuma aliwakanyaga. Nikasimamisha bidoni nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Galaksi nzima inaomba mutoto mumoja aachilie sweta."

Walicheka wote. Uwera aliingiza uso ndani ya sweta lenyewe. Riziki alikuja mpaka mbele yangu, bila haraka, kwa sababu alikuwa na mtu wa kumvuta.

"Kakule, mama yako alishakutafutaka akakukosa, hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi piga bidoni yako."

Nilipiga. Baada ya mazoezi nilimfuata Prof Bahati, nikatarajia anigombeze. Alikuwa anasahihisha, hata kichwa hakuinua. "Wewe ndiye mwenye pigo," alisema. "Unajua nani atakutana na nani, na wapi. Umeshawahi kumwambia yule mutoto?"

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, nilichora maduara mawili chini mbele ya Uwera. La nje nililifanya refu kuliko la ndani mara moja na nusu. Nikaweka vizibo viwili vya chupa penye alama ya chokaa, cha ndani Riziki, cha nje yeye. Nikavisogeza kwa hatua zilezile. Vikaachana. Kimoja kikawa huku, kingine kule. Riziki alipomaliza mizunguko mitatu, Uwera alikuwa amemaliza miwili, na vizibo vikagusana penye alama. Alivitazama. Akavichukua mwenyewe akaanza upya. Alirudia mpaka kengele ikalia, halafu akasema maneno ya kwanza niliyowahi kumsikia akisema.

"Na kama anachelewa?"

"Hawezi. Mi ndiye niko napiga."

"Na weye ukichoka?"

"Mi sichokake."

"Kila mutu anachokaka," alisema, akarudi kushika sweta.

Prof alinikumbusha kwamba nyota za kweli hazipangi miadi namna hiyo. Zinayumba mno, haziwezi kukutana kwenye alama. Nilimwambia sisi tunahitaji kukutana mara moja tu. Tulifanya mazoezi. Mara ya kwanza Uwera aliachilia, akaona mgongo wa dada yake unakwenda, akakata maduara yote moja kwa moja kumfuata, akaangusha watu wawili. Nikamwambia Kasereka akicheka nitamwambia mama yake habari ya mtihani wa kemia. Mara nyingine aliweza nusu ya duara. Mara nyingine hakutaka kabisa. Siku mbili kabla ya wazazi kuja aliweza yote, mdomo umebanwa, akafika kwenye alama, na Riziki akafika.

Siku ya wazazi ilikuwa siku ya posho, yaani Jumamosi. Mama alikuja amechelewa, moja kwa moja kutoka sokoni, vumbi la maharagi kwenye mikono.

"Weye uko nyota gani?" aliniuliza.

"Mi siko nyota. Niko napiga bidoni."

"Nilijua tu," alisema, akatafuta kivuli.

Tulianza vizuri. Uwera aliachilia sweta kabla hata sijapiga. Maduara yakaenda, mistari ikavunjika jinsi inavyotakiwa, watu wakatapakaa, na hapo Prefe akaona wazazi wanatazama wanafunzi wake wakitembea hovyo. Hakuweza kuvumilia. "Mustari," alipaza sauti kutoka kwenye ngazi. "Nyosheni mustari." Wadogo wa mwaka wa kwanza, miguu yao ikatii kabla ya vichwa. Walijipanga bega kwa bega, wakagongana na wa nyuma, mvulana mmoja akaanguka kwenye lava mbele ya Riziki. Riziki akainama kumwinua. Mapigo yakapita. Prof Bahati alikwenda kumshika Prefe mkono, sijui alimwambia nini.

Mimi nilikuwa naangalia upande mwingine. Uwera alikuwa amemaliza mzunguko wake wa pili. Alifika kwenye alama ya chokaa, na alama ilikuwa tupu.

Alisimama. Waliokuwa nyuma yake walibanana, wakampita pembeni mmoja mmoja. Niliwaza kusimamisha bidoni. Lakini nikisimama wote wanasimama, na Riziki atabaki hukohuko aliko. Niliwaza kuongeza kasi, nayo isingesaidia kitu, maana wangekwenda kasi wote wawili. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kupiga vilevile. Nilimwona bibi yao ameshika ukingo wa kiti chake.

Uwera aligeuza kichwa. Akatazama uwanja, akapitisha macho kwenye mlingoti, akamkuta dada yake upande wa pili akimpangusa yule mvulana goti. Alimtazama hapo kwa mapigo kadhaa. Kisha akatazama mbele, kisogo alichotakiwa kukifuata kilikuwa kimekwenda mbali. Akaanza kutembea kukifuata, hatua moja kwa pigo moja, peke yake.

Walikutana baadaye, mahali pasipo na alama yoyote. Riziki alimpita kwa upande wa ndani, akamgusa bega, akaendelea. Wazazi wengi hawakuona kitu. Walipiga makofi kwa sababu bidoni ilinyamaza.

Prof Bahati alifurahia zaidi ule mbanano uliotokea pale Uwera aliposimama. Alisema ulikuwa mkono wa galaksi mzuri kuliko yote tuliyowahi kuitengeneza kwa makusudi. Kila mtu na kazi yake.

Jumatatu benchi la Riziki lilikuwa na nafasi. Tulipotoka mapumziko nilipita kwenye dirisha la mwaka wa kwanza. Uwera alikuwa ameketi karibu na mlango, na mlango walikuwa wamemwachia wazi. Prefe alikuwa amesimama pale pale kwenye ukumbi, ameshika funguo. Aliniona, akanituma darasani kwangu. Mlango hakuufunga.

Ninyi mtakaoshika bidoni baada yangu, nina neno moja tu ambalo halimo kwenye masomo ya Prof. Wakati wote nilidhani kazi yangu ni kuwafanya watu watembee. Watembeao wanajua kutembea. Mpigaji ana kazi ya kutobadilisha pigo kwa sababu ameogopa, na hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika.

Jioni ya Jumatatu ile nilimsimulia mama yote. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi akichambua maharagi, anatupa mawe upande mmoja. Nilieleza habari ya Kiwanja, mkono ulioponyoka, sweta, benchi lenye nafasi, mlango ulioachwa wazi. Aliuliza bibi yao ni wa familia gani, nikamwambia. Aliuma haragi moja, akalitazama, akalitia kwenye sufuria. Nikaanza kumweleza kwa nini nyota ya ndani humaliza mapema, akainua mkono nikanyamaza. Halafu akasema:

"Siku ya posho uwalete wote wawili wakule hapa. Ule mudogo atakaa karibu na mi, mukubwa umuweke kule kwa mulango. Na weye usieleze kitu."